Mutahi Hawezi Kuwa Siriasi

Hapa Majengo, Nyeri, neno siriasi linafanyishwa kazi kuliko punda wa maji. Mgonjwa mahututi yuko siriasi. Mwenye shamba anataka mnunuzi siriasi, si wa kuja kutembea tu. Lakini aliyelichosha kabisa ni rafiki yangu Mutahi, muuza viatu vya mitumba. Kwake kuna buti siriasi, njaa siriasi, hata mandazi siriasi, yaani yale yanayoshibisha. Yeye mwenyewe hajawahi kuwa siriasi hata dakika moja. Akiingiwa na hofu hucheka, tena hucheka kama mbuzi anayekohoa. Alicheka hata kwenye mazishi ya mjomba wake, na niliona aibu mimi.

Kisha akampenda Nduta wa Endarasha. Babake Nduta, mzee Dedan, mkulima wa viazi, alitoa sharti moja.

"Msichana yangu ataolewa na mtu siriasi. Siku ya ruracio nikisikia mtu anacheka-cheka, mrudi kwenu na mbuzi zenu."

Kwa mzee, siriasi ni uso uliokunjwa, basi. Nikamzoeza Mutahi kununa wiki mbili nzima. Wateja wakaanza kumpa pole, wakidhani amefiwa.

Siku ya ruracio, yaani ya kupeleka mahari, ikafika. Desturi ni wasichana kufunikwa leso gubigubi, na kijana amtambue wake. Wakasimama sita, kimya kabisa. Mutahi hakuwa na wasiwasi, maana viatu vya Nduta alimuuzia yeye mwenyewe. Kutazama chini, wote sita wamevaa gambuti za shamba.

Nikaona mashavu yake yanavimba. Nikamkanyaga mguu kwa nguvu, wapi. Kicheko kikamtoka mbele ya wazee wote, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Mzee Dedan akainuka kutufukuza. Hapo leso ya nne ikaanza kutikisika. Mutahi akaiendea, akaifunua. Alikuwa Nduta, machozi yanamtoka, amejishika mbavu, hawezi hata kusimama wima.

"Ati nini hii, Nduta?" mzee akauliza.

"Baba, hata mimi siriasi imenishinda. Nikiolewa na yule mtu wako wa kununa, atanirudisha hapa kabla ya Krismasi."

Mzee akawatazama wote wawili, kisha akaketi.

"Waoane," akasema. "Wasiende kusumbua watu siriasi."