Pete Iliyotoka Mchangani

Mto wetu ulikuwa wa mchanga. Maji yalipita juu kwa muda mfupi mvua ikinyesha, kisha yakazama, nasi wanawake tukayafuata kwa kuchimba. Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mafuriko yalikuja Ijumaa ambayo mume wangu alikuwa arudi Kasikeu kutoka Emali, alikokuwa akipakia mizigo kwenye malori. Hakurudi. Jumamosi pia hakurudi. Mama mkwe akasema barabara imekatika, nami nikaitikia ndiyo, imekatika, lakini tumboni nilikuwa na maneno mengine kabisa.

Maji yalipopungua nilishuka kuchimba. Kibuyu changu kikakwangua kitu kigumu. Pete! Nyeusi, imegandwa na mchanga. Niliijaribu kwenye kidole gumba, maana pete ya mume wangu ilinienea hapo tu, nayo ikaingia sawasawa. Woi! Niliketi mle shimoni, maji yakilowesha nguo yangu.

Mama mkwe alinikuta hapo. Aliitazama pete, akanitazama mimi. "Usilie," akasema. "Ukimlilia kabla hujajua, unamzika." Basi sikulia. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikaukasirikia mto, nikamkasirikia na mume mwenyewe, ambaye kwa kichwa chake kigumu kile angeweza kabisa kuingia majini ili tu awahi chai ya nyumbani.

Tulikwenda sokoni kwa fundi aliyetutengenezea pete za harusi. Kanisa lilitaka pete, na dhahabu tungeitoa wapi? Alitutengenezea zote mbili kutoka kipande kimoja cha shaba ya njano.

Fundi aliisugua ile pete kwa majivu na limau mpaka weusi ukatoka. Ikang'aa manjano. Akaikwaruza kidogo kwa tupa, na ndani pia ilikuwa njano, si rangi ya juu juu.

"Ni shaba kama yenu," akasema.

"Kwa hiyo ni yake?"

"Ngoja."

"Fundi, ni yake?"

"Mama, ngoja!" Akaielekeza kwenye mwanga, akachungulia ndani. Kisha akaninyooshea mkono. "Vua yako niione."

Mama mkwe aliruka. "Havui! Mke havui pete mumewe akiwa safarini. Unataka kumfanya mjane?"

"Nilizitengeneza kwa namna moja," fundi akasema. "Sitaki kubahatisha juu ya mtu."

Nilimtazama mama mkwe. Aliyepotea alikuwa mwanawe. Nikapaka kidole sabuni, nikavuta mpaka ngozi ikachubuka.

Fundi aliziweka zote mbili kiganjani. Ndani ya yangu palikuwa na mstari mwembamba mweupe. "Mimi hukata shaba, nikaikunja, nikaunga ncha kwa lehemu. Huu ndio mshono wake. Hii nyingine haina mshono. Na hivi vishimo vidogo, mnaviona? Hii iliyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu ya mchanga. Mimi sina kalibu. Si kazi yangu hii."

Mama mkwe alipiga vigelegele pale pale sokoni, na mimi nikacheka kama mwendawazimu. Fundi hakucheka. "Haya," akasema, "sasa mtafuteni mwenye pete." Wala sikumjali.

Kesho yake mume wangu akaingia, matope mpaka kiunoni. Kabla ya salamu nilimshika mkono, nikamgeuza vidole.

"Kwani unatafuta nini?"

"Wacha maswali!" Nikamkumbatia mbele ya mama yake, jambo ambalo kwetu halikufanywa.

Jumapili iliyofuata mchungaji alitangaza kwamba kuna pete imeokotwa mtoni. Jioni ile akaja mwanamke kutoka upande wa juu wa mto, simjui. Mumewe alikuwa hajaonekana tangu mafuriko. Hakutaka kuketi, hakutaka chai.

"Ina mshono ndani?" aliniuliza kabla sijaitoa. "Ya mume wangu haina. Ilimiminwa."

Nilijua alitaka niseme inao. Nikampa pete. Aliigeuza, akaigeuza tena, akapitisha ukucha ndani yake pole pole, akizunguka.

"Haina," nikasema, kwa sababu yeye hakuweza.

Ndani ya nyumba mume wangu alikuwa akimtania mama yake, wakicheka kwa sauti kubwa. Nilitamani wanyamaze.