Siku Mbili kutoka Sao Paulo

Sijawahi kumpenda Munzir, na sioni aibu kusema. Anauza nguo za jumla Sao Paulo, kama nusu ya wanaume wa kijiji chetu hapa Bekaa. Dada yake Abla ni jirani yangu. Yeye ndiye aliyemtunza mama yao, Hajja Nazira, tangu miguu ilipomkataa: kumwogesha, kumgeuza, kumwashia jiko theluji inapoanguka. Mchumba wa Abla alisubiri, akachoka, akaoa kwingine.

Kila Idi Munzir alipiga simu, na wimbo wake ulikuwa mmoja. "Mama, huku ni mbali mno. Ndege tatu, siku mbili njiani. Duka nimwachie nani?"

"Haya mwanangu, usijichoshe," Hajja alimjibu. Abla alikuwa akitoka chumbani kwa hasira. Wenzake Munzir walikuja kila kiangazi, na kila mtu kijijini alijua kuwa safari haimalizi hata siku moja: ndege hadi Istanbul, nyingine hadi Beirut, kisha teksi ya kuvuka mlima.

Hajja alifariki alfajiri. Abla akampigia kaka yake, naye akalia kweli kweli. "Nisubirini. Naelekea uwanjani sasa hivi, kesho asubuhi niko hapo. Msimzike, dada, nakuomba. Nimwone uso tu."

"Kesho? Si uko mbali mno wewe?" Abla akakata simu.

Shehe wetu ni mgeni, ametoka Tripoli ya huku kwetu kaskazini juzi juzi. Aliuliza kama kuna mtoto wa kungojwa. Kumngoja mtu hadi kesho si ajabu kwetu. Hospitali ina chumba cha baridi. Alipotajiwa Munzir, shehe akauliza, "Huyo wa Sao Paulo atachukua muda gani?"

Sote tulimtazama Abla.

"Siku mbili," akasema. "Mwenyewe husema hivyo."

"Siku mbili ni nyingi," shehe akasema, na wanaume wakaenda kuchimba. Hakuna aliyefungua mdomo, nami nikiwamo. Hajja akazikwa baada ya alasiri.

Asubuhi iliyofuata Munzir alishuka kwenye teksi, akaona viti vya matanga uani na Abla akigawa kahawa chungu. Akaelewa.

"Ulijua ningewahi," akamwambia mbele ya watu. "Una roho gani wewe? Umeninyima mama yangu."

"Nimekunyima? Miaka yote hiyo alikuwa katika chumba kile pale. Nani alikufungia mlango?"

"Yeye hakunilaumu hata siku moja. Aliamini ni mbali."

"Aliamini?" Abla akacheka bila furaha. "Mwaka wa kwanza tu alimuuliza mtoto wa Ghazwan, aliyekuja kutoka huko huko Sao Paulo, safari ni ya muda gani, akaambiwa. Akanikataza nisikwambie kuwa anajua. Alisema utaona haya, halafu utaacha hata kupiga simu."

Munzir akakaa chini pale pale, kwenye vumbi, na suti yake. Abla akampita na birika, akaendelea kuwamiminia wageni.