Fundi wa Makole Anayefundisha Kukimbia

Mkono wa kulia wa Bi Sabiha haunyooki. Umepinda kwenye kiwiko, na ukimwona anasukuma kitambaa chini ya sindano ya cherehani utamwonea huruma bure, maana sare za watoto wa nusu ya mtaa wetu wa jirani, Makole, zimepita mikononi mwake. Mimi nilimdharau kwa ajili ya mkono huo. Nasema mapema ili msije mkaniona mtu mwema.

Shida ilikuwa ya binti yangu, Lydia, aliye mwaka wa pili chuoni. Kwa mwezi mzima kijana mmoja alikuwa akimfuata kila anaposhuka kwenye bajaji. Hasemi kitu, anatabasamu tu. Tulikwenda polisi, dawati la jinsia, wakaandika yote, lakini jina lake hatukuwa nalo. Usingizi ukanikimbia. Mimi ni karani, kazi yangu majalada. Kumlinda mtoto wa miaka ishirini sikujua nianzie wapi.

Nikampeleka kwanza kwa kocha mmoja wa kujihami anaitwa Brighton, karibu na kwetu Area D. Wiki mbili za muziki mkubwa, kuvunja vibao na kupiga mito mateke, halafu cheti chenye picha. Lydia alirudi anatembea kifua mbele.

"Mama, sasa aje tu," akaniambia. "Nitamtia adabu."

Nami kwa ujinga wangu nilikipeleka kile cheti ofisini, nikakizungusha meza kwa meza mpaka wenzangu wakachoka kunipongeza. Ni Joha, mhudumu wetu, aliyenivuta pembeni.

"Mama Lydia, mpeleke kwa Bi Sabiha."

"Yule fundi cherehani mwenye mkono mbovu?"

"Huyo huyo."

Jumamosi tukaenda. Nyuma ya duka la ushonaji pana ua, wanawake kama kumi na wawili wako kwenye mikeka, na Bi Sabiha katikati na mtandio wake mweusi. Mumewe, Mohamedi, ni mbeba magunia sokoni, mtu wa shingo nene na sauti ndogo. Yeye hashiki mkono wa mwanamke asiye wake. Kwanza anauzungushia kanga iliyokunjwa, ndipo anashika juu ya kanga, tena baada ya kuomba.

"Niruhusu, mwanangu," akamwambia Lydia. "Nikikushika, jitoe."

Lydia akacheka, akakubali. Hakutoka. Alizungusha mkono, akapiga teke, akatumia yote ya kwenye cheti, na Mohamedi amesimama pale kama mtu anayesubiri chai. Mwanangu akaanza kulia kwa hasira. Damu ikanipanda.

"Mwalimu, tumekuja kujengwa, hatukuja kudhalilishwa," nikasema kwa sauti ya kusikika na majirani.

"Kaa, Mama Lydia," Bi Sabiha akanijibu taratibu. "Bora alie hapa, kwa mtu atakayemwachia."

Kisha akapandisha mkono wa gauni, akatuonyesha kiwiko. Alikuwa na mkanda mweusi wa karate tangu usichana, mwanamke pekee katika kundi lake. Ijumaa moja, miaka kumi na miwili iliyopita, kwenye kichochoro mchana kweupe, mtu alimkamata mtandio kwa nyuma. Angeinamisha kichwa tu ungechomoka, naye angekimbia. Lakini wanaume walikuwa wanatoka msikitini. Babu wa babu yake alikuja na misafara ya biashara akabaki hapa hapa, mji mzima unaijua familia yao, na yeye atokee kichwa wazi mbele ya wazee? Akaona aibu. Akageuka kuupigania mtandio.

"Nilimpiga vizuri sana," akasema. "Hakutikisika. Akanibamiza kwenye msingi wa ukuta. Mkanda mweusi ninao mpaka leo, na mkono ndio huu."

Hadithi hiyo humwambia kila mwanafunzi mpya siku ya kwanza, na nusu yao hawarudi tena. Nani atamlipa mwalimu aliyepigwa? Mimi nilirudi kwa sababu sijawahi kusikia mtu mwenye ujuzi akijianika namna ile mbele ya wageni, wala hakutafuta kisingizio hata kimoja.

Alitufundisha mambo madogo mpaka Lydia akanuna. Kuitikia salamu huku unatembea, maana sisi tumelelewa kusimama mpaka salamu iishe. Kupiga yowe kutoka tumboni. Kujinasua upande wa kidole gumba cha aliyekushika. Kufungua fundo la nguo kwa mkono mmoja. Kujua njiani duka lipi liko wazi. Halafu kukimbia, kila Jumamosi kukimbia.

"Kupiga kupo," alikuwa akisema, "ila ni kwa kupata nafasi ya kukimbia. Na siku nyingine hata nafasi hiyo hutaipata, na kosa halitakuwa lako."

"Anatufundisha woga," Lydia akanung'unika.

Mwalimu alimsikia. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi kilio nimeshakimaliza, mwanangu."

Jumamosi ya sita, saa kumi jioni, Lydia alijifunga kitenge juu ya taiti yake ya mazoezi akatangulia kutafuta bajaji. Mimi nikabaki dukani kupimwa gauni. Utepe haujafika kiunoni, tukasikia yowe. Lydia akaingia mbio, na taiti yake na kandambili moja, barabara nzima inamtazama.

Ningependa kusema kwamba nilimkumbatia. Nilichosema ni hiki: "Kitenge chako kiko wapi?"

Mtoto wangu yuko hai mbele yangu, na mimi nauliza nguo. Bi Sabiha hakuuliza kitu. Aliuvua mtandio wake pale pale mlangoni, wanaume wanapita, akamfunga Lydia kiunoni kwa ule mkono uliopinda. Akasimama kichwa wazi, nywele zimejaa mvi, mpaka fundo likakaa sawa. Sijaona tena kitu kama kile.

Lydia alieleza huku anahema. Ni yule yule kijana. Alikuja kwa nyuma kwenye kichochoro akakamata kitenge hapa ubavuni. "Nilitaka kumpiga, Mama. Ngumi nilishaikunja kabisa. Sijui mkono mwingine ulifunguaje fundo."

Mohamedi alikwenda kichochoroni akarudi na kitenge. Kijana alikuwa ameshatoweka, lakini fundi viatu wa kona ile alimjua kwa jina, na Jumatatu polisi walimkamata. Jioni ile ile Bi Sabiha alikitandaza kitenge juu ya meza ya cherehani. Karibu na mahali pa fundo palikuwa na mpasuko wa shubiri moja.

"Kimechanika," nikasema. "Utanishonea."

Alipitisha kidole kwenye mpasuko, akarudia tena polepole.

"Kitambaa kikichanika kinafuata uzi, Mama Lydia, na kinatoa ndevu za nyuzi. Hiki kimekwenda mshazari, na ukingo wake safi. Hiki kimekatwa."

Lydia hakuwa ameona kisu chochote. Aliutazama mkono wake wa kulia, ule aliokuwa ameukunja ngumi, akauficha ndani ya mtandio wa mwalimu.