Kadi ya Mtoto Mchanga

Mchezo wenyewe tulifundishwa na mwalimu wa sekondari aliyepanga nyumba jirani na yetu, hapa Shirere. Alipenda michezo ya mezani kama wengine wanavyopenda mpira. Sebuleni kwake rafu nzima ilijaa maboksi. Jumamosi alasiri mimi na mke wangu tulikuwa tukienda kwake, tukacheza sisi wawili, yeye, na dadake aliyekuwa akiishi naye.

Kila mchezaji hupewa kadi za familia moja, watu watano. Kazi yako ni kuwatesa. Unawawekea mikosi, mmoja juu ya mwingine, kisha unawaua, na yule ambaye maiti wake waliteseka zaidi ndiye mshindi. Kadi za heri, kama harusi au kupona, unawabandika watu wa wenzako ili kuwaharibia. Na huwezi kuweka kadi kimya kimya. Lazima usimulie ilivyokuwa.

Waliochorwa kwenye kadi ni Wazungu wenye makoti meusi na mashavu yaliyobonyea. Tuliwahamishia huku kwetu Kakamega. Bwana mmoja mnene akawa mwenyekiti wa kila kamati ya matanga, akafa katikati ya hotuba yake, na waombolezaji wakaendelea kumsubiri amalize. Hiyo ilikuwa ya mke wangu. Ajuza mwenye kofia naye akamgeuza mama mkwe aliyekula firigisi ya kuku, ambayo kwetu ni fungu la wanaume, mbele yao. Ikamkwama kooni, na hakuna aliyempiga mgongoni kwa sababu wote walikuwa wangali wanabishana kuhusu firigisi. Mwalimu alicheka mpaka akalala sakafuni. Hakuna aliyemshinda mke wangu kwa kuua watu.

Kisha tukapata mtoto wa kiume. Alizaliwa kabla ya wakati, mapafu hayajakomaa, na hakumaliza wiki. Tulimzika nyumbani kwa wazazi wangu Lurambi asubuhi, watu wachache, bila hotuba. Shangazi yangu alimwambia mke wangu asilie sana, mwingine atakuja. Mke wangu akamjibu, "Asante, shangazi," akaingia jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Ilipita miezi kadhaa kabla mwalimu hajatualika tena. Mimi nilisita. Mke wangu alivaa viatu kabla sijamaliza kusita.

Kadi zilipogawanywa, alizipanga mbele yake akazitazama.

"Mwalimu, familia yangu ni watu wanne."

"Moja ilipotea, shemeji."

"Ni ya mtoto mchanga. Haikupotea, umeiondoa."

Mwalimu alinitazama mimi. Nikainamia kadi zangu.

"Si unajuanga sipendi kuchezewa," mke wangu alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ilete."

Dadake mwalimu aliinuka, akaitoa chini ya kitambaa cha televisheni. Tukacheza. Zamu yangu ilipofika niliiwekea kadi ile ya mtoto heri: nikasema ameanza kutembea. Dadake mwalimu akasema amepona homa. Mwalimu akasema amefika darasa la kwanza, na kwamba yeye mwenyewe ndiye anayemfundisha kusoma. Hatukuwa tumepanga. Kila heri tuliyoshika ilikwenda kwa mtoto yule.

Mke wangu alitusikiliza mpaka mwisho.

"Ndivyo mnavyocheza ili nishindwe," alisema.

Aliwaua wengine wote wa familia yake harakaharaka, kwa hadithi za sentensi moja zisizochekesha. Akabaki na mtoto. Aliweka kadi ya kifo juu yake, akafungua mdomo. Tukangoja. Chai ilikuwa imeganda utando.

"Alikuwa anapumua," alisema. "Nikageuka kumwomba nesi maji."

Dadake mwalimu alimshika mkono, naye akauacha ushikwe kama kitu kisicho chake. Mimi ndimi niliyekuwa mumewe, na nilikuwa sijawahi kusikia habari ya yale maji.

Tulirudi nyumbani. Mlangoni nikamwambia hakukosea kitu, mtu yeyote angeomba maji. Akaniuliza, "Na kama nisingegeuka?" Nilijua jibu, daktari alikuwa ametueleza vizuri tu kuhusu mapafu yale, lakini nilichelewa kulisema, na yeye aliona nilivyochelewa.

Msimu wa mavuno alikwenda kwao Likuyani kumsaidia mamake kuvuna mahindi. Mavuno yakaisha. Mwalimu amehamishiwa shule nyingine, na mpangaji mpya wa nyumba yake ana redio kubwa. Jioni mke wangu hunipigia simu. Huniambia mvua imenyeshea mahindi kabla hayajakauka, na mimi humwambia stima zimepotea tena na nimewasha mshumaa. Namuuliza atarudi lini. Anasema mamake bado anaumwa na mgongo. Halafu kila mmoja anangoja mwenzake akate simu.