Nilivyoagwa Ndani ya Boti

Shuleni kwetu Kimara kulikuwa na utaratibu ambao mimi mwenyewe niliuanzisha nikiwa mwenyekiti wa kamati ya ustawi wa walimu: anayestaafu ndiye anayechagua mahali pa kuagiwa. Mwalimu mmoja alichagua nyumbani kwake, akatupikia pilau badala ya sisi kumpikia yeye. Mwingine alitaka ukumbi wenye muziki, tukacheza mpaka viatu vikatushinda. Mimi nilisema mapema, miaka mitatu kabla ya zamu yangu, kwamba nataka ile boti ya Kurasini inayochukua watu jioni, ikapanda nao mtoni huku wanakula.

Nilikuwa na sababu. Nilifundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi. Kila mwaka nilichora ubaoni mto unaoshuka milimani, unakunja kona, unafika baharini, na pale unapofikia naandika kwa chaki ya njano: mlango wa mto. Watoto wakinakili. Na mimi, mzaliwa wa mji huu, sikuwahi hata siku moja kuketi juu ya maji ya mto nikauona huo mlango.

Kisha mguu ukaondoka. Ulianza na lengelenge la kiatu kipya nilichovaa kwenye harusi. Nina kisukari, nililijua hilo, nikalidharau lengelenge. Mwisho wa yote nilikatwa mguu wa kushoto chini ya goti, nikakaa nyumbani miezi, nikapewa mguu wa bandia, nikarudi darasani kumalizia mwaka wangu wa mwisho nikiwa na fimbo mkononi.

Mwezi mmoja na nusu kabla ya siku ya kuagwa, mwalimu mkuu alikuja nyumbani. Ni mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kumi, mpole, na akiwa na jambo zito huanza kwa kusifu mapazia. Alisifu mapazia. Mume wangu akaleta chai, akakaa pembeni.

"Mwalimu, tumefikiria," akasema. "Ile boti ina ngazi, ina mteremko. Tumepata ukumbi mzuri hapa hapa Kimara. Hutasumbuka."

"Nani amesema nitasumbuka?"

"Hakuna aliyesema. Tumefikiria tu."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anakoroga chai yake, na chai yenyewe haikuwa na sukari.

"Andikeni boti," nikamwambia mwalimu mkuu. "Nikishindwa kupanda, mtakula nyie, mie nitawasubiri gatini."

Alipoondoka, mume wangu alisema neno moja tu: "Kichwa chako." Tumeoana miaka mingi, na neno hilo nimelisikia kwa sauti zote. Safari hii lilikuwa na woga ndani yake, lakini sikulitilia maanani.

Kesho yake nilikwenda kwa Ami. Ndivyo mtaa mzima unavyomwita yule mzee wa Kiarabu mwenye duka la jumla karibu na kituo. Watoto wake wote wanne nimewafundisha. Nje ya stoo yake kuna ubao mrefu, mnene, ambao vibarua huuegemeza kwenye lori wanaposhusha magunia ya mchele na unga. Nilimsalimia, nikamweleza shida yangu: nataka kujifunza kupanda na kushuka mteremko, na nyumbani kwangu pote ni tambarare.

Ami hakuniuliza kama nina akili timamu. Aliutazama mguu, akautazama ubao, akasema, "Njoo baada ya alasiri. Saa hiyo lori halipo."

Tulianza na kreti moja la soda. Ami aliliweka chini ya kichwa cha ubao, mimi nikapanda, nikageuka, nikashuka. Yule mtaalamu aliyenitengenezea mguu alikuwa amenifundisha kanuni: ukipanda, tanguliza mguu mzima, ukishuka, tanguliza wa bandia. Nikawa naisema kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili anayeimba jedwali. Wiki iliyofuata Ami akaongeza kreti. Akaweka magunia matupu upande wa kulia wa ubao.

"Ukianguka, angukia huku," akasema.

"Na nikiangukia kule?"

"Kule kuna ndoo za mafuta ya kula. Utaniharibia biashara."

Niliangukia magunia mara tatu. Wanawake waliokuja kununua unga walisimama kunitazama, mmoja akaniombea dua papo hapo. Kufika wiki ya tano nilikuwa kwenye makreti matatu, napanda bila kushikwa, fimbo mkono mmoja. Kisiki cha mguu uliokatwa kilikuwa kinawaka moto kila jioni, nikirudi nyumbani nakiosha, nakikagua kwa kioo kidogo kama kuna mchubuko, kisha nalala. Mume wangu alijua ninakokwenda. Hakunizuia, na hakuja hata siku moja kunitazama.

Siku yenyewe walimu walitangulia kwa basi dogo la kukodi. Sisi wawili tulikwenda na gari la shemeji yangu. Nilivaa gauni la kitenge nililoshonesha makusudi, refu la kufunika miguu yote miwili. Tulifika Kurasini saa kumi na moja na nusu. Boti ilikuwa ya chuma, nyeupe, ya ghorofa mbili, meza zimetandikwa vitambaa, na juu spika ikipiga singeli kwa nguvu kiasi cha kutikisa bilauri. Wenzangu walikuwa wameshapanda, wamejipanga kwenye reli wananipungia.

Kisha nikauona mteremko.

Mimi, mwalimu wa jiografia, nilikuwa nimesahau maji kupwa na kujaa. Boti ilifungwa kwenye jukwaa linaloelea, na kutoka ukingoni kwenda kwenye jukwaa kulikuwa na daraja la mbao. Maji yalikuwa yamekupwa, jukwaa limeshuka nayo, na daraja limening'inia kama mtu aliyekata tamaa. Kwa hesabu za Ami pale palikuwa na makreti sita. Tena mbao zilikuwa na utelezi.

Mfanyakazi wa boti, mwanamume mwenye mabega mapana, alipanda mpaka nilipo. "Shikamoo mama. Nikubebe mgongoni? Ni dakika moja tu, wazee wengi nawabeba."

"Marahaba. Asante, lakini sibebwi."

"Tunaweza kungoja maji yapande."

"Yatapanda saa ngapi?"

"Kama saa mbili, saa tatu."

Nikampa mume wangu mkoba, nikashika kamba ya pembeni, nikatanguliza mguu wa bandia. Hatua ya kwanza ilikubali. Ya pili ikakubali. Ya tatu, ule unyayo wa plastiki ukateleza kama sabuni, goti likakunjika, nikajikuta nimekaa kitako katikati ya daraja, fimbo inaelea majini. Singeli ikazimwa. Sijui nani aliizima, lakini natamani angeiacha, maana kimya kile kilikuwa kizito kuliko kuanguka kwenyewe.

Mume wangu alikuwa ameshafika nyuma yangu, mikono yake chini ya makwapa yangu. "Basi," akasema sikioni mwangu. "Basi, mama watoto. Turudi."

Nilikaa pale nikavuta pumzi. Nililia? Machozi yalikuja mpaka ukingoni, nikayarudisha. Nilikuwa nimejifunza kushuka kwa kusimama, na kwa kusimama haikuwezekana, huo ndio ulikuwa ukweli wa jioni ile. Lakini hakuna mtu aliyeandika kwamba kwenye boti lazima mtu aingie amesimama.

"Niachie," nikamwambia. "Shika hiki."

Nikapandisha gauni mpaka gotini mbele ya walimu ishirini na wafanyakazi wa boti, nikabonyeza kile kitufe cha pembeni, nikauvua mguu. Nikampa mume wangu. Aliupokea kwa mikono miwili, na kiatu chake kipya na soksi yake. Kisha nikaanza kushuka kwa makalio, mikono nyuma, mguu mzima mbele ukisukuma, ubao baada ya ubao. Kila niliposhuka kidogo, mume wangu alishuka kidogo nyuma yangu. Yule mfanyakazi alirudi kinyumenyume mbele yangu, mikono amenyoosha bila kunigusa, na kila msumari uliojitokeza ananionyesha: "Huu hapa, mama. Na huu."

Nilipofika kwenye jukwaa nilivaa mguu wangu, nikashusha gauni lililokuwa limelowa na kuchafuka tope la kijani kiunoni kote, nikasimama. Hakuna aliyepiga makofi, na ninawashukuru mpaka leo. Mwalimu mkuu alishuka, akafungua khanga yake, akanifunga kiunoni juu ya lile tope, akasema tu, "Chakula kinapoa."

Boti ikaondoka. Tulipita nyuma ya winchi za bandari, kisha kelele za mji zikabaki nyuma yetu na mikoko ikaanza kulia na kushoto, mizizi yake imesimama juu ya matope kama vidole. Wakatuletea wali wa nazi, samaki wa kupaka, pweza na kachumbari. Nilikula samaki wengi na wali kidogo. Njaa niliyokuwa nayo sijawahi kuwa nayo tangu nitoke hospitali.

Mwalimu mkuu alikuwa ameketi mbele yetu. Baada ya kula alijipangusa mikono, akasema, "Nikuombe radhi kwa ile habari ya ukumbi. Baba watoto alitupigia simu, akatuambia daktari amekukataza. Tukaona tusikuulize, tusije tukakuumiza."

Nadhani aliamini nilikuwa najua. Alipoona uso wangu alishtuka, akanyanyuka akasema anakwenda kutazama keki.

Nikamgeukia mume wangu. Daktari hakunikataza kitu.

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Kwa nini hukuniambia mie?"

Ni mtu wa maneno machache, fundi umeme, kazi yake yote ameifanya peke yake juu ya ngazi. "Nimekuokota mara mbili pale bombani," akasema. "Mara ya pili ulikuwa umelala chini hujui ni muda gani, na ndoo juu yako. Sikutaka mara ya tatu iwe mbele za watu."

"Imekuwa mbele za watu."

"Nimeona."

"Sasa?"

"Sasa nimeona na ulivyoteremka."

Hasira ilikuwepo, siwezi kudanganya. Mwanamume aliyekuwa anakoroga chai isiyo na sukari huku uongo wake ukinizungumzia sebuleni kwangu. Lakini nilikumbuka pia namna alivyoupokea mguu wangu. Nikamwambia, "Nikitaka kuanguka, niache nianguke. Ukiogopa, niambie mimi kwamba unaogopa. Usimwambie mwalimu mkuu." Akasema sawa. Akaongeza, kwa sauti ndogo, "Naogopa kila siku." Nikamshika mkono chini ya meza, nao ulikuwa bado unanuka tope.

Kabla ya hotuba yangu nilimwendea nahodha pale kwenye usukani, nikishika viti kimoja kimoja. Nikamuuliza mlango wa mto uko wapi, maana nilitaka kuwaonyesha wenzangu.

Alicheka kidogo. "Inategemea saa, mwalimu. Maji yakijaa, bahari inapanda mpaka kule ndani, ukionja ni chumvi tupu. Yakikupwa, mto unakuja mpaka tulipotokea. Mlango wake unahama."

Nilisimama nikawaambia walimu wenzangu kwamba miaka yote ile nilikuwa nachora mstari mahali ambapo hapana mstari, na anayepokea vipindi vyangu awaambie watoto hivyo. Nikasema kwamba nilipoanguka pale darajani niliona aibu, na kwamba aibu hiyo ilidumu kwa urefu wa mbao nne hivi, baada ya hapo nilikuwa na kazi ya kufanya. Mwalimu wa darasa la kwanza alilia. Wengine walikuwa wanangoja keki.

Tuliporudi gatini, saa mbili na kitu, maji yalikuwa yamepanda na daraja limelala karibu sawasawa na ukingo. Sikuwa na fimbo. Mume wangu akauliza, "Nikushike?" Nikamwambia atembee tu upande usiokuwa na kamba. Tukapanda hivyo, yeye mkono mfukoni kwa nguvu, kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu dukani.

Kisiki kilichubuka. Daktari aliniweka siku kumi bila mguu, na safari hii alinikataza kweli. Mume wangu alimpigia simu mwalimu mkuu tena, mbele yangu, simu ikiwa kwenye spika, akamweleza hali ilivyo bila kuongeza wala kupunguza. Mwalimu mkuu akaniuliza kama nikipona ningependa kuja kila Jumatano kuwasaidia watoto wasiojua kusoma. Nilimjibu kwamba siku ya kumi na moja ingeangukia Jumatano, na nitakuwepo.

Nilikuwepo.