Chatu Wasio na Utando

Mume wangu alikuwa fundi saa mpaka simu zikamnyang'anya wateja wote. Ndipo akageukia chatu. Mimi niliolewa na fundi saa, sikuolewa na mfuga nyoka, na nilimwambia hivyo mara nyingi, akacheka tu. Wakajaa chumba cha nyuma, rafu juu ya rafu, kila mmoja ndani ya sanduku lake la plastiki lenye matundu, waya wa joto ukipita chini na kadi imebandikwa mbele: mama yake nani, baba yake nani, kaanguliwa lini, kala lini. Zile kadi alizijua kuliko majina ya wakwe zake.

Waliompa sifa ni wale tuliowaita utando, kwa mistari yao myembamba, kama buibui amewafuma mgongoni. Kama mzazi mmoja anao, basi yatosha: karibu nusu ya watoto huanguliwa nao. Nusu nyingine hutoka na mabaka ya kawaida, na hao hawana utando hata uliojificha ndani. Tatizo ni kwamba utando hauji peke yake. Kila chatu mwenye mistari ile hutikisa kichwa, na wengine hujipinda shingo mpaka kidevu kikaangalia dari. Ukimpa panya kwa koleo, anauma hewa. Wanunuzi walijua hayo na wakanunua kwa sababu ya uzuri. Mume wangu naye alijua na akaendelea kuwazalisha, na hilo lilinikera kuliko harufu ya chumba kizima.

Lilinikera kwa sababu ya mama mkwe. Alipofika miaka arobaini na tano alianza kudondosha vijiko. Vilianza vidole kuchezacheza vyenyewe, yakafuata mabega, ikafuata shingo, mwisho hata kumeza maji ikawa kazi. Shemeji yangu mkubwa akapita njia hiyo hiyo, katika umri ule ule. Daktari alitueleza kwa upole kwamba ugonjwa huo ni wa kurithi, mtoto wa mgonjwa aweza kuupata au kuukosa, nusu kwa nusu, na aliyeukosa hana cha kuwarithisha wanawe. Akasema kipimo cha damu kipo. Mume wangu akashukuru, akavaa kofia yake, hakurudi tena pale. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Binti yetu wa pekee alikuwa na kumi na sita.

Tangu hapo neno "nusu" halikutamkwa mezani, ingawa katika chumba cha nyuma lilitamkwa kutwa. Siku moja alikuwa anamulika mayai kwa tochi, mayai kumi, akawa anapiga hesabu ya utando watakaotoka. Akasema bila kunitazama, "Sisi tulitaga moja tu." Nikamwambia akinitania hivyo tena atahamia huko huko kwa chatu wake. Kisha nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Miaka minne nilimvizia kama askari. Nilimtazama akifunga vifungo, akinyoa ndevu, akimimina chai. Niliona mikono iliyotulia, au niliona nilichotaka kuona. Binti alikwenda chuo, akawa anakuja likizo tu, na baba yake akabaki kuwalisha nyoka peke yake.

Alipotimiza arobaini na sita, aliingia jikoni siku moja uso umemshuka. Chatu mmoja wa mabaka ya kawaida amemkosa panya. Haiwezekani, alisema, asiye na utando hatikisiki. Akadhani kadi zimechanganyika, akazipekua zote mpaka kwa babu wa babu, akazikuta sawa. Wiki iliyofuata wakakosa wengine wawili. Akakata shauri kwamba ugonjwa umejificha ndani ya wale wasio na alama. Mwenye utando mnunuzi anamwona na anajua anachonunua, alinieleza, lakini huyu anayeuficha ataharibu uzao wa watu bila mtu kujua. Akawaua sita, mmoja mmoja, kila aliyekosa. Siku hizo hakula vizuri, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba wanapungua.

Jumamosi asubuhi aliniita nimwandikie kadi wakati analisha. Alikuwa amefika kwa jike zee, la mabaka ya kawaida, ambalo halijawahi kukosa mlo. Nikasimama kando na kalamu. Akashusha panya kwa koleo. Kichwa cha yule chatu kilitulia kabisa. Aliyekuwa anacheza ni panya, juu chini, juu chini, kwenye ncha ya koleo. Chatu akaruka akauma chuma.

"Umeona?" mume wangu akasema. "Hata huyu anao."

Nilikuwa nimeona. Niliogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa nyoka yeyote. Nikamwambia anipe koleo, akaguna, maana sikuwahi kulishika hata siku moja. Nikalikamata kwa mikono miwili, nikafumba jicho moja. Kufumba na kufumbua, panya hayupo.

"Mpe na chatu wa pili," akasema polepole.

Wa pili akadaka. Wa tatu akadaka. Mume wangu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Sita," akasema. "Walikuwa wazima." Nikamshika mkono. Ulikuwa unacheza ndani ya kiganja changu, na yeye hakuweza kuuzuia.

Binti yetu, aliyekuwa nyumbani likizo, akaingia akauliza mbona tumeacha kulisha. Nikasema baba kachoka. Akachukua koleo kama alivyozoea tangu utoto, akaendelea na rafu, akiwatania nyoka kwa ulafi wao. Hakuna aliyekosa. Mume wangu akainuka, akaenda kusimama karibu naye, karibu mno, wala hakuwa anatazama masanduku. Mimi nikajisogeza upande wa pili.

"Baba," akasema. "Mama. Mbona mnaniangalia mkono?"