Kesho ya Mzee Darsono

Mimi nachoma mishikaki mwanzoni mwa kichochoro chetu hapa Solo, kisiwani Java. Nimezaliwa Madura, ng'ambo ya maji, na kwetu mtu akiwa na jambo hulisema. Majirani zangu Wajava hulizungusha jambo mpaka lichoke lenyewe. Nimeolewa huku, nimezaa huku, na bado kuna siku natamani kumshika mtu mabega nimtikise aseme anachotaka.

Aliyenitesa zaidi ni Mama Wartini, mjane, mchora batiki enzi zake, aliyepanga nyumba inayotazamana na jiko langu. Paa lake lilikuwa linavuja mahali pawili, sebuleni kidogo, na chumbani juu kabisa ya kitanda cha wageni. Hicho kitanda ndicho kilichomkosesha raha. Mwanawe pekee, Gunadi, anaishi mbali, Balikpapan, kisiwa kingine, na mkewe na mtoto, na huyo mtoto ana pumu. Idi ikikaribia Gunadi hupiga simu, na Mama Wartini huiweka sauti ya juu kwa kuwa masikio yake yameanza kuchoka, hivyo tunasikia sote.

"Tungekuja, Mama. Ila mtoto atalalaje kwenye unyevu ule? Paa likitengenezwa tu, utatuona."

Mjukuu mwenyewe hajawahi hata kumbeba. Kwa hiyo kila Mama Wartini alipovaa nguo yake ya kutokea na kuelekea kwa mwenye nyumba, Mzee Darsono, nilijua anakwenda kumdai mjukuu. Siku moja nilimsindikiza, nione anavyodai.

"Mwaka huu mvua imekazana, Mzee," alianza, chai ikiwa imekwisha kupoa nusu.

"Imekazana kweli. Mpunga utapendeza."

"Hata ukiwa ndani unaisikia."

"Ndiyo baridi yake hiyo. Kunywa, Mama, kunywa."

Tukaagana. Mlangoni Mzee Darsono akakuna shingo, akasema, "Sesuk, Mama. Sesuk tutaangalia."

Sesuk ni kesho. Ni kesho yenyewe, na pia ni siku yoyote ambayo haijafika, hata ile isiyofika kamwe. Mgeni wa mji huu huisikia, akaamka mapema kumsubiri fundi. Mimi nilishafanya ujinga huo zamani.

"Mbona hukumwambia?" nilimuuliza njiani.

"Nimemwambia."

"Mmeongea mpunga, Mama."

"Mpunga ameuleta yeye," alinijibu, na kweli alikuwa amekasirika, kwa namna yao, yaani alitembea mbele yangu kidogo.

Ikapita Idi moja namna hiyo. Masika iliyofuata Mama Wartini akasomesha hitima ya marehemu mumewe. Tulijaa sebuleni kwake, na mvua ikimwagika. Mzee Darsono, kwa heshima yake, aliwekewa kiti kizuri kuliko vyote. Nilipoona kiti kilipowekwa nilibana kicheko. Glasi ya chai huku ina kifuniko chake, na katikati ya dua tone likaanguka juu ya kile kifuniko, tik. Likafuata jingine. Mzee alifunua anywe, na la tatu likaingia mle mle.

"Chai yako haipungui, Mzee," Mama Wartini alisema kwa upole.

"Naona. Ilikuwa imezidi utamu kidogo, sasa imekaa sawa."

Akainywa yote. Hakuna aliyetamka neno paa. Wiki haikuisha fundi akaja na ngazi, akang'oa vigae vilivyoota kuvu, akapanga vipya, vyekundu, ukiwa barabarani unaviona. Nilimvulia kofia, mimi na ujeuri wangu. Mwanamke yule alikuwa amemtengenezesha mtu paa bila kuomba.

Jioni hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyempigia Gunadi.

"Limekwisha, mwanangu. Kitanda kikavu kabisa. Nimenunua na shuka la mtoto."

Niliacha kupepea mkaa nisikie.

"Alhamdulillahi, Mama," Gunadi alisema. "Basi... sesuk, Mama. Sesuk tutaangalia."

Mama Wartini akazima sauti ya juu na kuisogeza simu sikioni. Niligeuza mishikaki ambayo haikuhitaji kugeuzwa. Iliniuma sana, kwa sababu hakuna mtu kichochoroni anayelijua neno lile kumshinda yeye.

Siku ya Idi tulipita nyumba kwa nyumba kuombana radhi, kama kawaida. Kwa Mama Wartini palikuwa na vikopo vya biskuti, vimejaa vile vile, na mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo, shuka lenye picha za samaki limetandikwa bila kunyanzi. Mzee Darsono alikuwapo, amekaa kwenye kiti kile kile. Bibi harusi mpya wa nyumba ya pili, asiyejua mambo, akauliza, "Gunadi hajafika, Mama?"

"Angekuja," Mama Wartini alisema. "Ni hili paa. Bado linavuja, na mtoto ana kifua."

Sote tulikuwa tumemwona fundi juu ya ngazi. Nilimtazama Mzee Darsono, mtu aliyetumia vyake kununua vigae, sasa anasingiziwa mbele za watu siku ya Idi. Mdomo wangu ulishafunguka.

Mzee aliweka glasi chini taratibu, akakuna shingo.

"Kosa ni langu, Mama," alisema. "Leo ni siku ya kusameheana, nisamehe. Mimi mzito. Sesuk nitamleta fundi."

"Si neno, Mzee. Najua una mambo mengi."

Mdomo wangu ulikuwa bado wazi, na lazima kitu kitoke.

"Lakini Mzee na wewe umezidi," nikasema. "Mtu anamsubiri mjukuu wake kwa ajili ya vigae vyako."

"Usimseme, Hosniyah," Mama Wartini alinikemea, akanisogezea biskuti, na mkono wake ukakaa juu ya wangu muda kidogo.

Mvua ikaanza. Tulikaa tukiisikiliza inavyopiga vile vigae vipya. Halikudondoka hata tone moja, na hakuna aliyeinua macho.